Taa Juu ya Mlango

Kila chumba cha mke na mume kilikuwa na taa juu ya mlango. Choo kilimpima mke, taa ikatangaza: nyeupe akiwa mzima, njano akiwa na fangasi ukeni. Mawifi waliona, wageni waliona.

Taa ya Mwatime ilikaa njano siku tisa. Hamadi, mumewe, alihamishia mto wake sebuleni. Mwatime akawa anajisugua kwa sabuni mpaka akajionea kinyaa.

Leo dawa imefanya kazi, taa ni nyeupe. Hamadi akirudi ataurudisha mto. Mwatime aliwaza mkono wa mumewe ukimgusa, mwili ukamsisimka kwa haya; hakutaka kuguswa tena. Alipanda kiti, akaipaka taa manjano ya mchuzi.

"We Mwatime!"

Alikuwa mama mkwe, Bi Nuru, ambaye mumewe hulala barazani miaka yote. Mwatime aliganda, vidole vimejaa manjano.

Bi Nuru aliitazama taa, kisha akaurudisha mlango wa ukumbini taratibu.

"Umepaka nzito, watajua," alinong'ona. "Tia mafuta ya nazi. Mimi yangu naipaka tangu Hamadi ananyonya."