Kumi na Saba ya Mzee Mshindo

Kasino kubwa ya mji ule sasa ni zahanati ya meno, na gurudumu la kamari ndilo linalopanga foleni, ili asipenyezwe mtu kwa kujuana. Kila mgonjwa huchagua namba. Kipira cha gurudumu kikitua juu ya namba yake, anaingia.

Mzee Mshindo, ameshika shavu lililovimba, alichagua kumi na saba, ileile iliyomlia mashamba yake yote enzi za kasino.

"Babu, badilisha namba," nesi alimsihi. "Waliokuja nyuma yako wameshang'olewa, wako kwao wanakunywa uji."

"Niiache leo, halafu itoke? Mji mzima umenyooka, mjukuu wangu, isipokuwa hili gurudumu! Zungusha!"

Nesi akasonya, akazungusha. Kipira kikarukaruka, kikaikaribia kumi na saba. Mzee akasimama, mdomo ameshaufungua.