Jiko la Kiunoni

Makame alisawazisha udongo wa mwisho, na jiko jipya la mke mdogo likasimama kimo cha kiuno, mbali na mikono ya mtoto, kama mhudumu wa afya alivyouhimiza mtaa mzima.

Mwanaidi, mke mkubwa, aliyaona yote akiwa amechutama penye mafiga yake, chini.

"Langu utalijenga lini?"

"Tuanze penye mtoto, Bi Mkubwa. Kwako ataungua nani?"

Siwema, mke mdogo, akacheka ndani ya kanga. Mwanaidi akachochea kuni kana kwamba anamchoma mtu jicho.

Makame na Siwema walipoingia ndani, mtoto wao Sauda alitambaa uani. Moto wa mama yake ulikuwa juu, haufikiki. Akaufuata ule wa chini, mkono mbele, akiuchekea.

Mwanaidi alimtazama akija. Akamwacha aje, karibu, karibu zaidi. Kisha akamnyakua kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaumwagia moto ndoo nzima ya maji. Maharage chunguni yalikuwa bado mabichi.

"Sauda?" Siwema aliita kutoka ndani. "Sauda yuko wapi, Bi Mkubwa?"

Moshi ulitanda uani. Ndani yake, Mwanaidi alizidi kumkumbatia mtoto kifuani.