Tangi la Nyani

Mbingu zilipofunga mvua mwaka wa pili, Nyani alilinda tangi lililojaa maji, mita moja kila upande. Swala akaja na watoto wake pacha, ndimi zimewakauka.

"Rudi, dada. Mita ni sentimita mia. Basi humu mna lita mia, za ukoo wangu tu."

Kobe, aliyekuwa kando akisikiliza, akamwonyesha kasha la lita moja, sentimita kumi kila upande. "Ndugu yangu, umepima urefu, ukasahau upana na kina. Panga makasha kumi kwa mstari, mistari kumi, tabaka kumi."

Nyani akahesabu hadi vidole vikamwishia, akalia. "Elfu! Nami nimewafukuza watoto!"

"Bwana alitujalia elfu, hofu yako ndiyo iliyosoma mia. Haya, lete kata."

Nyani akawanywesha pacha wale kwanza, kwa mkono wake.