Mtungi Ulioangalia Ukuta

Kipande kilibanduka mikononi mwake, ndani ya beseni, na mtungi haukugongwa popote. Ulijiachia tu, kama mdomo wa mtu aliyechoka kutunza siri.

Muoshaji wa vyombo vya kale alitazama mlangoni. Hakuna mtu. Maji ya vuguvugu yalikuwa yamegeuka rangi ya chai, na vidole vyake vilinata unata usiotoka hata kwa sabuni. Tope la zamani nalo lina ukaidi wake, alijisemea.

Na mtungi wenyewe ndio uliokuwa fahari ya machimbo! Chini ya mtaa wa washona viatu wachimbaji walikuta jiko la watu wa miaka mia saba iliyopita: mafiga, majivu, na mtungi huu umesimama wima, umevaa tope. Maua yake yote yalichorwa upande mmoja, na upande huo ndio uliogeuzwa ukutani.

"Mama wa nyumba hii alikuwa kipofu nini?" mfagiaji, shoga yake, alitania siku ile. "Nani anaficha urembo?"

Muoshaji akatafuta gundi nyeupe, ile anayogandishia viatu vya wanawe, akarudisha kipande mahali pake katikati ya maua. Akauweka mtungi rafuni, maua yakitazama ukuta.

Nyumbani aliiacha sahani yake nusu. Mama mkwe, asiyelala bila kutega mtu, akaanza.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nimekifungia chumbani, nimekikuta sokoni kinaningoja."

Jibu alilijua. Alilijua mno.

"Nimeshindwa, mama."

"Nipe mji."

"Chukua huu huu wetu, wa juu na wa chini yake."

Bibi kizee akacheka hadi kikohozi kikamshika. "Mji wote huo kwa jibu dogo hivi? Ni kosa, mwanangu. Kosa halina kufuli."

Kesho yake mkuu wa machimbo aliingia chumba cha vyombo, akasimama mbele ya rafu.

"Mbona maua yanaangalia ukuta tena?"

Akaugeuza. Mstari mweupe wa gundi ukaonekana, umepita katikati ya maua kama kovu.

"Nani kauvunja?"

Muoshaji akainamia beseni lake. Mkuu akamgeukia mfagiaji, aliyesimama na ndoo zake mlangoni, maana ufunguo wa chumba hulala kwake.

"Mama, naomba ufunguo. Aliyevunja mtungi huu hana kazi tena hapa."

Mfagiaji hakubisha. Alijua nani hubisha na nani husikilizwa. Aliuvua ufunguo shingoni, kamba ikanasa kwenye kitambaa chake cha kichwa, akahangaika nayo.

"Shoga," alimwambia muoshaji, "hebu ninasue. Halafu unisindikize na ndoo zangu mpaka getini."

Muoshaji akainua mikono kuinasua ile kamba. Akaishusha mikono.

"Ni mimi," akasema. "Mimi nimeuvunja, nikaugandisha, nikanyamaza. Huyu hajui lolote. Mfukuze anayestahili."

Shoga yake akamtazama. Afadhali angetukana.

Mkuu alivuta taa karibu, akaichokoa ile gundi kwa ncha ya kisu, taratibu, mpaka kipande kikabanduka tena kiganjani mwake. Akakigeuza, akakinusa. Akachukua kioo cha kukuzia, akainama, akakaa ameinama.

Chini ya gundi nyeupe, ukingo mzima ulikuwa umepakwa ulimbo wa mti, gundi ya watu wa kale, mweusi kwa uzee. Pale ambapo maji ya beseni hayakufika, alama ya kidole ilikuwa imeganda ndani yake, kidole chembamba, cha mtu aliyekuwa na haraka.

Mkuu akamrudishia mfagiaji ufunguo wake.

"Na huyu je," akauliza, bado anaitazama ile alama ya kidole, "naye tumfukuze kazi?"