Safari ya Kumpeleka Mama Mkwe

"Simamisha gari kwanza," mama mkwe alisema, akanishika mkono kabla sijakata kona.

Barabara ya jangwani iligawanyika pale. Kulia ni kwa wifi yangu, ambako nilikuwa nampeleka mama akaishi. Mwanawe, mume wangu, tulimzika mwaka uliopita.

Njia nzima tulikuwa tumecheka. Tuliona nyumba iliyojengwa kwa chupa tupu, tukapiga picha na ngamia aliyevalishwa miwani ya jua. Kwenye kibanda kimoja, muuzaji alitaka tununue mchanga uliotiwa kwenye kopo. "Mchanga! Jangwani!" mama alisema, akacheka mpaka akashika mbavu. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu msiba.

Sasa vidole vyake vikavu, vyenye vumbi kwenye kucha, vilikuwa bado juu ya mkono wangu.

"Mwanangu, niambie kweli. Umenichoka?"

"Mimi? Si wewe uliyesema unataka kwenda kwa binti yako?"

"Nilisema ili uwe huru. Wewe bado kijana. Nani ataleta posa kwenye nyumba yenye bibi kizee anayekohoa sebuleni?"

"Atakayekuja ataanza kwa kukuamkia wewe."

Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Lakini wifi yako ameshapika," alisema.

"Tutakula, Mama. Kesho tutarudi nyumbani."

Nikawasha gari, nikakata kulia.

"Usimwambie tukifika tu," alininong'oneza. "Acha kwanza tushibe."