Yaji ya Malam Barau

Alasiri ile, kama alasiri zote za miaka minne iliyopita, Gambo alisimama kwenye foleni ya adui yake akijifanya ana njaa.

Adui mwenyewe alikuwa Malam Barau, mzee wa magoti mabovu aliyechoma suya, ile mishkaki ya huko, kwenye kona moja ya Fagge, mjini Kano. Nyama yake ilitoka kwa mchinjaji yuleyule wa Gambo. Vijiti vilevile, mkaa uleule. Tofauti ilikuwa yaji, ule unga wa viungo unaopakwa nyama kabla ya kwenda motoni. Yaji ya Malam Barau iliwafanya watu wazima wenye vyeo vyao walambe karatasi hadharani. Yaji ya Gambo iliwafanya waombe maji.

Ndiyo maana banda la Gambo, mitaa miwili tu kutoka hapo, lilikuwa mahali pazuri pa kupumzikia nzi. Alikwishaamua: asipoipata siri ile kabla ya Ramadhani, atazima jiko akabebe majora kwenye duka la vitambaa la shemeji yake. Shemeji aliisubiri siku hiyo kwa hamu, na mtaa mzima alikwishautangazia.

"Gambo," mzee alisema zamu yake ilipofika, "leo nakufungia mwenyewe."

Aliinama chini ya meza, akachukua muda wake.

"Kesho sipo. Magoti yamekataa. Narudi kwetu Daura, kwa binti yangu."

"Na hapa anabaki nani, Baba?"

"Nani abaki? Wa kiume sikujaliwa, na wakwe zangu wanauza simu." Mzee alimkabidhi kifurushi kwa mikono miwili. "Hii kaifungue nyumbani. Siyo mbele za watu."

Gambo alielewa mara moja: kaongezewa vipande, na mzee hataki foleni nzima idai nyongeza. Alishukuru huku akijisikia vibaya kidogo, kwa muda kama wa kuvuka barabara hivi.

Nyumbani alifunga mlango wa ua kwa komeo, akafungua kifurushi. Vipande sita. Vilevile vya kila siku.

"Bahili mpaka siku ya mwisho," alisema.

"Labda alitaka tu usile njiani," alisema mkewe Hansai, aliyekuwa akitwanga tangawizi kavu kinuni. "Ulaji wako unajulikana."

Hiyo ndiyo yaji ya mwisho ambayo angeipata, na Gambo aliishughulikia kwa heshima zote. Alikung'uta kila kipande juu ya sahani ya bati. Gazeti la nje alilikwangua kwa kisu. Karatasi ya ndani ilikuwa ukurasa wa daftari, wenye maneno na tarakimu zilizopangana kwenda chini. Hilo halikumshangaza. Wachoma suya wote hununua madaftari ya shule yaliyokwisha, na katika miaka minne Gambo alikuwa amekula nyama juu ya insha, ramani na majibu ya hesabu mengi kuliko mwalimu yeyote wa Kano. Aliukwangua na huo, mpaka wino ukaanza kutoka.

"Hebu ona mwandiko huu. Kama umeandikwa juu ya ngamia. Mtoto wa namna hii atakuja kufanya kazi gani?"

"Kuchoma suya," alisema Hansai.

Gambo alilamba ncha ya kidole, akafumba macho. Pilipili ipo. Tangawizi ipo. Kuli-kuli, vile vikate vya karanga zilizokamuliwa mafuta, vipo, tena vimesagwa laini. Lakini nyuma ya hayo yote kulikuwa na kitu kingine, kitamu kidogo, kinachofika kooni kimechelewa.

"Karafuu," alisema. Akalamba tena. "Au siyo karafuu."

"Jana ilikuwa mdalasini. Juzi ulisema ni jasho lake."

Akachanganya jaribio la arobaini na moja, akapaka nyama. Mkaa ulikuwa na unyevu, ukakataa kushika. Alichukua gazeti na ule ukurasa, akavisokota pamoja, akavichomeka chini ya mkaa na kuwasha. Mafuta ya Malam Barau angalau yalifaa kwa hilo. Jiko liliwaka papo hapo. Nyama ikaiva. Wakaonja wote wawili, na Hansai akaenda kutafuta maji.

Gambo alikaa kwenye kigoda akiutazama moto. Kesho majora ya vitambaa, kesho kicheko cha shemeji, na mzee yule anaondoka na siri yake kichwani kana kwamba kaburini kuna wateja. Alimchukia kwa moyo wake wote. Ndipo simu ilipoita.

"Gambo mwanangu, ndiyo napanda gari." Ilikuwa sauti ya Malam Barau. "Mchoma suya anayekuja kununua suya kwangu miaka minne, ulidhani sijui anatafuta nini? Nilikuwa nangoja uchoke. Hukuchoka, basi nikasema huyu ndiye. Ila nilimwapia marehemu baba yangu kwamba vile vipimo havitatoka mdomoni mwangu, ndiyo maana sikukwambia pale, nikakaa usiku kucha nikakuandikia." Mzee alikohoa. "Sasa niambie, mkono wangu siku hizi unatetemeka. Mwandiko umesomeka?"