Gurudumu la Pili

"Gari haitoki hapa mpaka nizungushe gurudumu mwenyewe," Mama Pikapu alisema, akikunja mikono ya gauni.

Fundi alicheka. Mkwewe, aliyefanya naye kazi tangu amwoe binti yake, jasho lilimtoka. Pikapu yenyewe kuukuu, rangi imebabuka, lakini difu yake ya nyuma haikuwa ya mchezo: ile inayosukuma magurudumu yote mawili pamoja hata kwenye tope la kilimani. Sasa haipo. Asubuhi ile walikuwa wameichomoa wakamuuzia dereva mmoja wa lori, naye keshatoka mjini. Mahali pake wakapachika difu ya kawaida, wakaipaka grisi nzito, na kibati cha namba cha difu ile ya kwanza wakakihamishia hapo. Kwa macho, hata aliyeiunda asingejua.

Lakini mama huyu alikijua kipimo. Nyuma inyanyuliwe kwa jeki, gia itolewe, uzungushe gurudumu moja. La pili likifuata upande uleule, difu ndiyo yenyewe. Likienda kinyume, umepigwa.

"Zungusha tu, mama," Fundi alisema, pikapu ikiwa tayari juu ya jeki. "Mkwe, hamia upande ule, kaza nati."

Mkwe akaelewa. Akachuchumaa ng'ambo, bodi ikamficha, mikono akaiweka juu ya tairi.

Simu yake ikalia kwenye benchi.

"Binti yangu huyo," Fundi alisema. "Leo anataka nini tena?"

"Ndimu. Tangu jana ni ndimu tu. Kule kilimani nizitoe wapi? Iache ilie."

Mama Pikapu aliinama akachungulia uvunguni, akazungusha gurudumu la kushoto kwenda mbele. La kulia likafuata, taratibu, kama mtoto mtiifu. Akarudisha nyuma. Nalo likarudi.

"Haya, nimeridhika. Msinione mkorofi, jamani. Nikikwama kule juu na mgonjwa, nitawaambia nini jamaa zake?"

"Tunakuelewa, mama," Fundi alisema, uso mkavu. Mkwe aliona aibu, lakini kidogo tu.

Mvua iliyonyesha tangu asubuhi ilikuwa imezidi alipoondoka. Walimpungia mikono mpaka akakata kona, kisha wakacheka wakashika mbavu.

"Una mkono mwepesi wewe!" Fundi alisema, akijifuta machozi. "Ndiyo maana uliweza kuniibia binti."

Simu ikalia tena. Mkwe akaipokea angali anacheka.

"Mume wangu, mbona hupokei?" Mke wake alikuwa akihema. "Uchungu umeanza, na damu inatoka. Daktari si alisema nisichelewe hata kidogo? Wenye magari wote wamekataa kupanda kwenye tope hili. Lakini usihangaike, nimempata Mama Pikapu, yuko njiani. Anasema nisiogope kitu, leo amezungusha gurudumu kwa mkono wake mwenyewe."